Mjomba anasema kubadilisha paa ni kama kubadilisha nguo

SWALI

Mama, shikamoo.

Mimi ni kitindamimba katika familia ya watoto watatu, na ndiye niliyebaki kwenye nyumba ya marehemu mama. Ni nyumba ya chini, ya vyumba vinne, na paa lake limechoka. Mabati yamekula kutu mpaka ukipanda darini mchana unaona vitundu vya mwanga kila upande. Mvua zilizopita nilipanga ndoo tano usiku mmoja, na dari ya chumba cha wageni imeanza kubonyea.

Mjomba wangu, mdogo wake mama anayemfuata, ni fundi wa kuezeka tangu sijazaliwa. Amekubali kunifanyia kazi. Mimi nilitaka mabati mapya tu, lakini yeye ameshauri tuweke vigae vya saruji kwa sababu vinadumu na havipigi kelele mvua ikinyesha. Anasema pia tuliinue paa kidogo, maana vigae havipendi paa lililolala. Upande wa jikoni uliongezwa baadaye na haukuezekwa kwa bati. Uliezekwa kwa yale mashiti ya kijivu, mazito, yenye mawimbi, magumu kama saruji. Hayo anasema atayapasua kwa nyundo, ni kazi ya asubuhi moja.

Nilipomuuliza habari ya kibali alicheka. "Kubadilisha paa ni kama kubadilisha nguo. Umeona wapi mtu akaomba ruhusa ya kubadilisha nguo?" Lakini jirani yangu ameniambia nisithubutu, kwa kuwa yeye alisimamishwa kazi akiwa ameshaezua nusu ya nyumba. Nikarudi kwa mjomba. Sasa anasema kama nina wasiwasi niende mwenyewe nikaombe kwa jina langu, niandike kwamba najenga mwenyewe, yeye asitajwe popote.

Hapo ndipo nilipokwama. Nyumba bado ina jina la mama. Kaka yuko mbali na hapendi mambo ya ofisi, dada anasema tumwachie mjomba. Mvua zinakaribia. Je, kibali kinahitajika kweli? Na kama kinahitajika, naweza kuanza huku nikisubiri?

Wako,
Kitindamimba

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa ndoo tano.

Mjomba wako ana maneno matamu, na ndani ya mfano wake kuna nusu ya ukweli. Ziko sehemu ambako ukitoa bati ukarudisha bati la namna ile ile, juu ya mbao zile zile, inahesabiwa kuwa ni ukarabati wa kawaida na hakuna atakayekuuliza. Ziko nyingine ambako kuziba matundu mawili matatu ni ruhusa, ila ukigusa paa zima lazima ukate kibali. Jirani yako na mjomba wako wanaweza kuwa wote wanasema kweli, kila mmoja kwa kazi aliyoifanya yeye.

Shida ni kwamba anachokipanga mjomba si kubadilisha nguo. Nyumba ya mama yako imezoea kuvaa kofia ya ukindu, na sasa anataka kuitwika gunia la saruji.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Bati la kawaida lina uzito wa kilo nne hadi tano kwa mita moja ya mraba. Vigae vya saruji, vikishapangwa, vina uzito wa kilo 40 hadi 50 kwa eneo hilo hilo. Nyumba ya vyumba vinne haikosi paa la mita za mraba 140 hivi, tukihesabu na mbawa zinazotokeza nje ya ukuta. Kwa bati, huo ni mzigo wa kilo 700 hivi. Kwa vigae ni kilo 6,300. Tofauti ni zaidi ya tani tano na nusu, kama vile magari madogo manne au matano yamepandishwa juu ya dari yako yakaegeshwa hapo kwa miaka 50.

Nani anaubeba mzigo huo? Vigae vinakalia papi (mbao nyembamba za kulaza), papi zinakalia makombamoyo (mbao za mteremko) au kenchi (fremu za mbao za pembetatu), kenchi zinakalia mtambaapanya (ubao uliolazwa juu ya ukuta), mtambaapanya unakalia ukuta, na ukuta unakalia msingi. Aliyejenga nyumba ile alichagua ukubwa wa mbao na umbali kati ya kenchi na kenchi akiwa na bati kichwani mwake. Hakukosea. Alipimia kofia. Ukimtwika mbeba kofia gunia, haanguki siku hiyo. Kwanza mbao zinapinda taratibu, mgongo wa paa unashuka katikati kama mgongo wa punda mzee, milango ya ndani inaanza kukwama, ufa unatokea juu ya dirisha, na wewe unadhani ni ardhi. Wakati huo mjomba ameshalipwa na ameshasahau.

Kwa hiyo swali la kwenda nalo ofisini ni hili: katika kazi hii, ni kitu gani kinabadilika? Ukijibu swali hilo vizuri, la kibali linajijibu. Kwako vinabadilika vitu vitatu kwa mpigo: uzito, umbo na urefu wa paa. Juu ya hayo kuna yale mashiti ya jikoni, ambayo nashuku yana asbesto (madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu), na nitayarudia kwa sababu yamenitisha kuliko yote. Sijui pahali penye ofisi ya ujenzi ambapo mwenye nyumba ataongeza tani tano juu ya kuta na kuinua paa kisha aambiwe "endelea tu". Kwa mpango wa mjomba ulivyo, hesabu kwamba kibali kinahitajika, tena pamoja na mhandisi aliyesaini karatasi inayosema kenchi zilizopo zinatosha, au zinatakiwa ziongezwe nguvu namna gani.

Kabla hujaenda kokote, pima kitu kimoja mwenyewe. Chukua pimamaji la mita moja na futi ya fundi. Panda darini mchana, ukanyage juu ya mbao tu, usikanyage siling bodi. Gusisha ncha moja ya pimamaji kwenye ubavu wa chini wa kombamoyo, lilaze mpaka tone la hewa likae katikati, kisha kwenye ncha ya pili pima kwenda juu hadi ulikute kombamoyo. Ukipata sentimita 30, mteremko wako ni nyuzi 17 hivi. Ukipata 20, ni kama nyuzi 11. Bati linaweza kuishi kwenye mteremko mdogo kama huo wa mwisho. Vigae vingi haviwezi, kwa sababu maji yakienda polepole yanasukumwa na upepo yakapanda chini ya maungio. Kila mtengenezaji wa vigae huandika mteremko wa chini anaoukubali, na ukienda chini yake dhamana yake huna. Hapo mjomba yuko sahihi kabisa: vigae havipendi paa lililolala. Ila kuliinua paa maana yake ni kutengeneza kenchi mpya, na kenchi mpya ni ujenzi, hata kama hakuna tofali moja litakalowekwa.

Kuinua paa kunaleta na jambo la pili ambalo watu hulisahau. Mara nyingi kuna ruhusa mbili, tena kwenye meza mbili tofauti. Moja inaangalia usalama wa jengo: mbao, misumari, moto, upepo. Nyingine inaangalia sura na nafasi: urefu wa jengo, umbali na mpaka, maji ya paa lako yanaangukia kwa nani. Kubadilisha bati kwa bati kwa kawaida hakuigusi meza ya pili. Kuinua kunaigusa. Na kama mtaa wenu uko kwenye eneo la majengo ya kihistoria, au una chama cha wakazi chenye masharti yake, hata rangi ya paa inaweza kuwa na mwenyewe. Uliza yote mawili siku moja, usije ukapata la kwanza ukadhani umemaliza.

Unaweza kuniuliza kwa nini sikupi jibu moja fupi la ndiyo au hapana. Ni kwa sababu kanuni hazifanani. Zile za nyumba za makazi zinazofuatwa sehemu kubwa ya Marekani, kwa mfano, zinakataza kuezeka juu ya paa ambalo tayari lina matabaka mawili, na zinakataza kufunika juu ya vigae vya udongo au vya saruji. Lazima uvue kwanza. Nchini Uingereza, ukibadilisha zaidi ya nusu ya paa unaweza kutakiwa uongeze na kizuia joto wakati huo huo, jambo ambalo mtu aliyekwenda kuziba uvujaji hakulitarajia kabisa. Mtu anasoma jibu la nchi nyingine kwenye simu yake, anaita fundi. Jibu linalokuhusu ni la ofisi inayosimamia kiwanja chako tu, tena liwe la maandishi.

Ukienda au ukiandika, usiseme "nataka kukarabati paa". Neno ukarabati limewaponza wengi, kwa sababu karani atakujibu kwa kile alichokisikia. Andika hivi, ubadilishe unapohitaji: "Nyumba ya makazi ya chini. Nataka kuondoa mabati yote, mita za mraba 140 hivi. Ninafikiria kuweka vigae vya saruji na kuongeza mteremko, au kurudisha mabati kwenye mbao zilizopo. Sehemu ya jikoni ina mashiti ya zamani ya saruji ninayoshuku yana asbesto. Naomba kujua kwa kila njia: kibali gani kinahitajika, michoro gani, nani anaruhusiwa kuomba, na ukaguzi unafanyika hatua zipi." Ukijibiwa kwa mdomo, rudi nyumbani uwaandikie: "Leo nimeambiwa hivi na hivi, naomba kuthibitishiwa." Chapisha, weka kwenye faili la nyumba.

Umeona nimeandika "au kurudisha mabati". Si kwamba navipiga vita vigae. Ninataka tu ujue kwamba kuna njia ya katikati ambayo mjomba hakukutajia, pengine kwa sababu hajazoea kuifunga: mabati yaliyofinyangwa kwa umbo la vigae, yale yenye chenga za mawe juu. Yana uzito wa kilo sita au saba kwa mita ya mraba. Paa lako lote lingekuwa chini ya tani moja. Kelele za mvua zinapungua, na kenchi pengine zinabaki zilivyo, ila soma mteremko wanaoutaka. Maombi ya kibali cha kazi kama hiyo huwa mepesi zaidi, kwa sababu hakuna uzito mkubwa wa kuulizwa.

Lakini mepesi hayana maana ya kutokaguliwa. Paa zito linaonea ukuta. Paa jepesi linaonewa na upepo. Watu hudhani upepo hulisukuma paa. Mara nyingi hulivuta kwenda juu, hasa pembezoni na kwenye mbawa, na kinachobaki kulishikilia ni skrubu za bati, misumari ya papi na kile kilichozifunga kenchi kwenye ukuta. Mwaka 1992, mwezi wa Agosti, kimbunga Andrew kilipopita kusini mwa Florida, mapaa mengi yaling'oka, na waliochunguza walikuta mbao zilizopigwa pini zilizokosa kabisa kenchi, zimeingia hewani. Kwa macho ya chini paa lilikuwa limekamilika. Baada ya hapo kanuni za ujenzi za kule zilikazwa sana. Ndiyo maana mkaguzi wa paa hajali sana rangi ya bati lako. Anataka kuona mikanda ya chuma inayoifunga kenchi kwenye mtambaapanya, na jinsi mtambaapanya wenyewe ulivyofungwa kwenye lenta, ule mkanda wa zege wa ukutani.

Na vitu hivyo vinaonekana kwa siku chache tu katika maisha ya nyumba: siku zile paa la zamani limetoka na jipya halijaingia. Kwa hiyo ukipata kibali, soma sehemu ya ukaguzi kabla ya sehemu nyingine yoyote. Kwa kawaida kuna ukaguzi mbao zikiwa wazi, na mwingine kazi ikiisha. Pengine na mmoja katikati, wakati karatasi ya kuzuia maji imetandikwa. Fundi anayejua kazi hupanga siku ya kuezua akihesabu na siku ya mkaguzi. Fundi mwenye haraka hufunika, akasema "atakuja kuona juu". Mkaguzi akikuta pamefunikwa ana haki ya kuagiza pafunuliwe, na gharama ni yako.

Najua kwa sababu yalinikuta. Niliwahi kuezeka upya kibaraza kikubwa, na fundi wangu, mtu mpole ambaye sitamtaja, alisema hakina haja ya kibali. Nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Miaka miwili baadaye nikapata mnunuzi wa nyumba. Akauliza karatasi za kibaraza. Sikuwa nazo. Ikabidi niombe kibali cha nyuma, na mkaguzi akasema hawezi kusaini kitu asichokiona. Tukavua siling bodi nne. Akapanda ngazi na tochi, akakaa kimya kitambo, kisha akaniita nami nipande. Kenchi tatu kati ya saba zilikuwa zimeungwa katikati kwa msumari mmoja mmoja. Ya nne haikufika hata kwenye mtambaapanya. Ilikuwa imekalia kipande cha tofali kilichoegeshwa. Chini yake ndipo nilipokuwa nikikaa kila jioni, na wajukuu. Mnunuzi akaenda zake. Mimi nikaanza upya kibaraza.

Sasa hili la kuomba kwa jina lako, mjomba asitajwe. Hapana, mwanangu. Mahali pengi mwenye nyumba anaruhusiwa kuomba kibali kama mjenzi mwenyewe, na ni haki nzuri kwa anayejenga mwenyewe kweli. Lakini ukisaini hivyo unakuwa umesema: mimi ndiye mkandarasi. Kasoro ikionekana, anayeambiwa arekebishe ni wewe. Kijana wa mjomba akianguka, anayeulizwa habari za kamba na kiunzi ni wewe, na kuanguka kutoka juu ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo kwenye kazi za ujenzi. Kampuni ya bima ikiuliza nani alijenga, karatasi itasema ni wewe uliyepanda juu. Tena ni uongo ulioandikwa na kusainiwa. Mahali panapotakiwa mkandarasi mwenye leseni, anayeomba kibali au anayetajwa ndani yake awe ni yule atakayeshika nyundo.

Nafahamu ugumu wake. Fundi wa kukodi unamwambia ukweli akinuna anaondoka, lakini mjomba utamkuta kila msiba na kila harusi. Basi usimwendee kwa kumshuku ufundi wake. Mwambie hivi: "Mjomba, kazi yako siitilii shaka. Lakini nyumba si yangu peke yangu, ni yetu watoto wa dada yako watatu, na kaka akija kuuliza lazima niwe na karatasi. Nisaidie niipate." Kama ana leseni, atatajwa, na jambo limekwisha. Kama hana, kuna njia ya heshima: mkandarasi mwenye leseni achukue kibali na kusimamia, mjomba awe fundi ndani ya kazi hiyo, kwa makubaliano yaliyoandikwa. Mafundi wengi wazee hufanya hivyo na hawapungukiwi kitu. Akikataa hata hilo, utakuwa umejua kinachomsumbua, na si wewe.

Hatua ya jina la mama. Usisaini jina la marehemu, hata mtu akikuambia "ni kuharakisha tu". Ofisi inataka saini ya mwenye mali, au ya mtu mwenye mamlaka ya kisheria juu ya mali ya marehemu. Kama mirathi ilishafunguliwa, msimamizi wa mirathi ndiye anayesaini, au anakupa barua. Kama haikufunguliwa, paa hili limewapa sababu ya kuifungua. Waulize ofisini kama kwa ukarabati wa dharura wanakubali hati ya kifo pamoja na ridhaa za maandishi za warithi wote. Pengine watakubali, pengine watawataka mwende mahakamani kwanza. Kwa vyovyote, ridhaa ya kaka na dada iwe ya maandishi. Kaka hapendi ofisi, lakini kuandika mistari mitatu na kutia saini hakumfikishi ofisini. Unatia fedha zako kwenye nyumba ya watu watatu, na siku ya kugawana kila mtu hukumbuka mambo kivyake.

Karatasi nyingine ni za kawaida: fomu, ushahidi wa umiliki, maelezo ya kazi na vifaa, mchoro, hesabu za mhandisi kama uzito unaongezeka, nakala ya leseni, ada. Bandika kibali mahali panapoonekana kazi inapoendelea. Angalia na mwisho wake, kwa sababu vibali hufa kazi isipoanza au ikisimama muda mrefu.

Sasa jikoni. Mashiti ya kijivu, mazito, yenye mawimbi, magumu kama saruji, ya zamani. Maelezo yako yananifanya nishuku asbesto, na mjomba anataka kuyapasua kwa nyundo juu ya sufuria zako. Mzuie hata kabla hujamaliza kusoma barua hii. Kwa macho hakuna anayeweza kuthibitisha, si mimi wala si yeye. Kipande kidogo kinapelekwa maabara na mtu anayejua kukichukua. Lakini mpaka majibu yatoke, yachukulie kuwa ni asbesto. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani kwa binadamu, na Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa matumizi yake mapya mwaka 2005. Mashiti yakikaa salama bila kuguswa hayana vurugu kubwa. Ukiyavunja, ukiyakata kwa msumeno, ukiyasugua au ukiyapiga maji ya presha ndipo nyuzinyuzi zinaporuka. Huzioni, huzinusi, zinaingia mapafuni, na ugonjwa unajitokeza miaka mingi baadaye, mara nyingi 20 na kupita. Mjomba amekuwa fundi tangu hujazaliwa. Kwa mapafu yake mwenyewe anastahili kuambiwa.

Kuyaondoa kwa kawaida kuna ruhusa yake ya peke yake, na watu waliofunzwa: hulowanisha mashiti, hufungua skrubu moja moja, hushusha shiti zima bila kulirusha, hulifunga kwenye nailoni mara mbili na kulipeleka kwenye dampo linalolipokea. Usikubali yafukiwe uani wala yagawiwe jirani wa kuezekea banda la kuku. Na kama mpango wako hauhitaji kugusa jikoni mwaka huu, na mashiti ni mazima, unaweza kuyaacha kwanza. Hilo linakupunguzia fungu zima la kazi, na mimi ningefanya hivyo.

Mvua. Kwenye kuezua hapana, usianze huku ukisubiri, hata bati moja la "kuonjea". Nyumba iliyoezuliwa ikasimamishwa ni mbaya kuliko nyumba inayovuja. Muulize jirani yako. Lakini kujikinga ni jambo jingine. Kufunika kwa turubai na kuziba matundu ili maji yasiingie huwa ni hifadhi ya dharura, na kanuni nyingi zina nafasi yake. Nyingine zinakuruhusu kufanya matengenezo ya dharura kwanza kisha upeleke maombi siku ya kazi inayofuata. Piga picha za matundu, ndoo na dari iliyobonyea, zenye tarehe, uziambatanishe na maombi, utaje kwamba ni dharura. Maombi yenye picha ya dari inayoning'inia husomwa kwa jicho tofauti.

Turubai lipande mpaka lipite mgongo wa paa na lishuke upande wa pili, lisiishie chini ya kofia (bati la kufunika mgongo), la sivyo maji yataingia nyuma yake. Ncha zake zizungushiwe kwenye ubao na ubao ndio ufungwe, si kulitoboa turubai kwa misumari ovyo. Hiyo kazi mpe mjomba leo, na umlipe. Dari ya chumba cha wageni inayobonyea ina maji juu yake: toa kitanda, weka beseni, toboa tundu dogo kwa bisibisi mahali palipobonyea zaidi ili yashuke taratibu. Kabla ya hapo zima umeme wa chumba hicho kwenye swichi kuu.

Ukishapanda na pimamaji, niandikie umepata sentimita ngapi.